Mkataba wa ECHL au chuo kwanza: barua kwa Baba Imani

Calgary, 22 Machi 2026

Ndugu yangu Baba Imani,

Salaam nyingi kwako na kwa Mama Imani. Mkataba wa hoki ya barafuni wa mwanao Imani ulionitumia nimeusoma mstari kwa mstari, na kabla kijana hajashika kalamu naomba tuelewane jambo moja. ECHL, hiyo ligi ya kulipwa inayomtaka, itakuwepo Imani akiwa na miaka 24. Ufadhili wake wa masomo wa WHL, ligi ya vijana anayoichezea, hautamsubiri mpaka hapo. Ndiyo maana nasema asitie saini sasa.

Tuanze na hesabu, maana dola 600 kwa wiki zinasikika nyingi kwa kijana wa miaka 20 ambaye kwa misimu mitatu amekuwa akiishi kwa posho. Msimu wa ECHL huanza katikati ya Oktoba na kwisha katikati ya Aprili, wiki 26 hivi. Zidisha: ni dola 15,600 za Marekani kwa mwaka mzima, kabla ya kodi na makato ya chama cha wachezaji. Nyumba hutolewa na timu, na hilo ni jema. Lakini chakula, simu, mafuta na bima ya gari ni juu yake. Msimu ukiisha, mshahara nao umekwisha. Kuanzia Mei hadi Septemba atakuwa kwenu akitafuta kibarua, na wakati huohuo analipia gym na saa za barafuni ili arudi kambini akiwa fiti.

Hapo tumechukulia kwamba atamaliza msimu, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. ECHL iko chini ya AHL, na AHL iko chini ya NHL, ligi kuu kabisa ya hoki. Kinachotokea juu hushukia chini. Beki wa NHL akipona jeraha, aliyekuwa akishika nafasi yake anarudishwa AHL. AHL nayo inashusha mmoja ECHL, na kocha wa ECHL analazimika kumwacha mtu. Haachi yule aliyeshushwa, kwa sababu huyo ni mali ya timu ya juu na anatakiwa acheze. Anaachwa kijana wa mwaka wa kwanza mwenye mkataba wa ECHL pekee. Akiachwa, chumba kinarudi kwa timu na malipo ya wiki yanakoma. Mkataba huo wenye neno "msimu" juu yake hauahidi msimu mzima; soma tena kifungu cha kuvunja mkataba utaona.

Imani ajue pia kwamba katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo watu hawalipwi sawa. Jirani yake wa benchi akiwa na mkataba wa AHL aliyeshushwa tu, analipwa mshahara wa AHL, ambao kima chake cha chini kwa msimu kinazidi dola 50,000. NHL msimu wa 2025-26 kima cha chini ni dola 775,000. Kwa hiyo mtu anapomwambia "uko hatua mbili tu kutoka NHL," anasema kweli kuhusu hatua, lakini hamwambii urefu wa kila hatua. Njia ya kawaida ya kupanda kutoka hapo ni mkataba wa majaribio wa AHL wa mechi 25. Wapo waliopanda hivyo wakafika mbali: Alexandre Burrows alianzia huko, na Jonathan Quick alilinda lango la timu ya Reading katika ECHL kabla ya kuchukua Kombe la Stanley, taji la NHL. Sitaki umfiche Imani majina hayo, ni ya haki. Ila Quick alikuwa tayari amechaguliwa na timu ya NHL iliyokuwa na mipango naye. Mkataba wa Imani hauna timu ya juu nyuma yake.

Kuna suala la kibali pia. Mchezaji wa kigeni Marekani huingia kwa hadhi ya P-1 (kibali cha wanamichezo), iliyofungwa kwenye timu iliyomwombea. Haruhusiwi kwenda kupanga bidhaa dukani mchana ili aongeze kipato. Na kama uraia wake wa Kanada bado haujatoka, ukazi wa kudumu pekee hautoshi. Atahitaji viza, na foleni ya ubalozi haijali kambi inaanza lini.

Sasa tuje kwenye kile alicho nacho mkononi. Amecheza misimu mitatu WHL. Kila msimu umemwekea mwaka mmoja wa masomo: ada, vitabu vinavyotakiwa na michango ya lazima ya chuo. Chumba na chakula havimo, hilo mlipange mapema. Shahada ni miaka minne, kwa hiyo unabaki mwaka mmoja wa kutafutia fedha. Akiichezea timu ya chuo katika U Sports, mashindano ya vyuo vya Kanada, chuo kinaruhusiwa kumpa ufadhili wa michezo usiozidi ada na michango ya lazima, na huo unaweza kuziba pengo. Visivyozibwa kuna mkopo wa wanafunzi wa serikali.

Nitakwambia ukweli wote. Ukitazama dola tupu, miaka mitatu ya ada kwa mkazi wa Kanada, mara nyingi dola 6,000 hadi 10,000 za Kanada kwa mwaka, haifikii misimu miwili ya ECHL. Wakala wake atakuonyesha hesabu hiyo na haitakuwa na kosa. Kasoro ni kwamba inalinganisha vitu viwili ambavyo kimoja kinaweza kusubiri na kingine hakiwezi. Ufadhili una tarehe ya mwisho ya kuanza kuutumia, na kuna aina za mikataba ya kulipwa ambayo mtu akiisaini anaupoteza. Tena, akishacheza hoki ya kulipwa kisha akataka kurudi U Sports, anaweza kukalishwa nje mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa uwanjani.

Mwili nao una hesabu yake. ECHL ni mechi 72, na kuna wikiendi za Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mfululizo, katikati usiku mnalala kwenye basi. Ligi ya vyuo ya magharibi mwa Kanada ni mechi 28, nyingi Ijumaa na Jumamosi, na wiki nzima ni mazoezi na uzito. Kwa kijana mwembamba kama Imani, miaka minne ya kujenga miguu na mabega ina thamani kubwa kihoki, achilia mbali shahada.

Wala asidhani vyuo vya Kanada ni makaburi ya wachezaji. Timu ya Chuo Kikuu cha New Brunswick ilimaliza msimu wa 2023-24 bila kupoteza mechi hata moja, ushindi 43 katika mechi 43, na wachezaji wake wengi walitoka ligi za vijana kama hiyo ya Imani. Mwonyeshe Joel Ward, kijana mweusi wa Ontario ambaye hakuna timu ya NHL iliyomchagua. Alisoma miaka minne Chuo Kikuu cha Prince Edward Island, kisha akacheza zaidi ya mechi 700 za NHL. Derek Ryan alitoka WHL akaenda Chuo Kikuu cha Alberta, akapitia Austria na Sweden, akaingia NHL akiwa na miaka 29.

NCAA, mashindano ya vyuo vya Marekani, tangu Agosti 2025 inapokea wachezaji wa WHL, mlango uliokuwa umefungwa miaka mingi. Lakini wanataka masomo 16 ya msingi ya sekondari yenye wastani wa angalau 2.3, na kama Imani aliacha hesabu au sayansi njiani, hilo halirekebishwi kwa wiki mbili. Mwombeni mshauri wa shule nakala ya matokeo muone.

Ningebadili ushauri kwa jambo moja tu: NHL ikimletea mkataba wake wa kuanzia. Hapo kuna fedha ya kusomea baadaye, na kuna timu iliyowekeza kwake.

Wiki hii fanyeni haya. Imani aiandikie ofisi ya ufadhili ya ligi barua pepe yeye mwenyewe, aulize: nina miaka mingapi, mwisho wa kuanza ni tarehe gani, na mkataba huu niliouambatisha utaugusa vipi. Majibu yawe ya maandishi. Neno la kocha kwenye simu halitoshi. Kama timu ya ECHL inamtaka kwa mechi chache tu za mwisho wa msimu, nalo aliulizie kabla ya kupanda ndege. Kisha awaandikie makocha wa vyuo vitatu au vinne, maana nafasi za Septemba zinajazwa sasa hivi, aambatishe takwimu zake, video fupi na matokeo ya shule. Meneja wa ECHL ajibiwe kwa heshima kwamba kijana anakwenda chuo na angependa kuzungumza tena akimaliza. Hatakasirika, ameshazoea.

Nipigie Jumapili jioni, Imani naye awepo, mje na mkataba na karatasi za ufadhili mezani.

Ndugu yako,
Juma