Waandikeni na hawa wanakemia wetu

Ndugu mhariri, naomba kanafasi kadogo kwenye gazeti lako. Mi naishi hapa Dodoma na kuna vijana napangisha nao nyumba moja wanasoma kemia ogania (kemia ya vitu vyenye kaboni) chuoni, wako kwenye kikundi cha utafiti, na jamani kila mtu ana lake! Mmoja kakomaa na muarobaini, anasema mbegu zake zina azadiraktini ambayo inamfanya mdudu asile vizuri na ashindwe kujivua gamba akue, yaani dawa ya shambani tunaikanyaga tu chini ya mti. Mwingine yeye ni makapi ya zabibu, yale maganda na mbegu yanayobaki mvinyo ukishakamuliwa, anatafuta tanini humo (ile inayoleta ukakasi mdomoni), na sisi huku zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka kwahiyo makapi hayakosekani. Wa tatu hata mimea hataki, anaunda molekyuli mwenyewe kwenye chupa (huyu simwelewi kabisa ila ana raha zake).

Sasa gazeti kila siku siasa na Simba na Yanga. Huyu mama wa China, Tu Youyou, alipata Nobeli 2015 kwa dawa ya malaria baada ya kugundua moto mkali unaharibu ile dawa ya mmea, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo. Si ndo kemia hiyohiyo? Tumeni mwandishi maabara akawaulize wanatafuta nini, kiingilio hakuna.

Msomaji wenu, Dodoma