Boti kuukuu za faiba zinafaa kufufuliwa, lakini kazi ianzie ndani

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu boti kuukuu za faiba zilizotelekezwa kando ya hori zetu hapa Mombasa. Mtu akisimama upande wa Tudor au Mtwapa maji yakiwa yamekupwa, ataziona zimelala ubavu kwenye tope, nyingine zimezingirwa na mikoko, nyingine zimegeuzwa majaa, na wenyewe hawajulikani walipo. Baadhi zilikuwa za uvuvi, baadhi zilibeba watalii, na mara nyingi ziliachwa kwa sababu mwenyewe aliambiwa kwamba chombo kimekwisha. Mimi huzitengeneza boti za namna hiyo nyumbani kwangu, na nimefikia kuamini kwamba nyingi kati yake hazijakwisha hata kidogo. Kilichokwisha ni ubao uliofichwa ndani, na huo unaweza kutolewa ukatiwa mwingine na mtu mwenye subira, uani kwake, mradi azifahamu kemikali anazozishika na asikimbilie rangi.

Faiba yenyewe ni kitu cha kudumu. Ni nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa resini, na resini hiyo ikishaganda hairudi tena kuwa kimiminiko. Wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, wale waliowafanya wazee wetu wavipandishe vyombo pwani na kuvipaka deheni ya chokaa na shahamu, hawana la kufanya kwenye faiba. Jua na chumvi hula zaidi ile ngozi ya juu iitwayo jelikoti, ambayo unene wake ni karibu nusu milimita. Maji yakiipenya ngozi hiyo kwa miaka mingi, hukutana na kemikali ambazo hazikuganda sawasawa kiwandani na kufanya malengelenge, na ukilipasua lengelenge moja hutoka majimaji yenye harufu ya siki. Jambo hili huwatisha wanunuzi kupita kiasi. Malengelenge machache hayazamishi boti. Hukwanguliwa, mahali hapo pakaoshwa kwa maji yasiyo na chumvi na kuachwa pakauke barabara, kisha pakajazwa epoksi, resini ya aina nyingine inayoshika kwa nguvu.

Uimara huohuo ndio unaoifanya boti ya faiba iliyotupwa kuwa mzigo kwetu sote. Jahazi la mbao likichakaa, misumari hung'olewa, mbao hupata kazi nyingine au huwa kuni, na kinachobaki huliwa na bahari. Faiba haiozi, wala haiyeyushwi. Tulifurahi tulipoliona jahazi la Flipflopi likishushwa majini huko Lamu mwaka 2018, likiwa limeundwa kwa plastiki iliyookotwa, na nimewahi kuulizwa mbona boti hizi nazo zisisagwe na kuumbwa upya vivyo hivyo. Haiwezekani kwa njia hiyo. Plastiki ya chupa hulainika kwa moto ikakubali umbo jipya, ilhali resini ya boti ikipata moto huungua, ikatoa moshi mzito mweusi na kuacha nyuzi za kioo zimetawanyika. Anayeichoma boti kuukuu penye mikoko ameigeuza takataka moja kubwa kuwa sumu ya hewani na vumbi la kioo katika tope lilelile ambamo watoto huchokora kaa.

Sasa niingie kwenye ubao, maana hapo ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Boti nyingi zinazotumia injini ya kufungwa nyuma zina plaiwudi iliyofunikwa faiba tezini, pale injini inapokaa, na pia kwenye sakafu na mihimili iliyo chini yake. Maji huingia kupitia matundu ya skrubu na bolti ambayo hayakuzibwa, na yakishaingia hayana pa kutokea. Kwa nje boti inaweza kung'ara, hasa ikiwa muuzaji ameipiga rangi juzi tu, na ndani ubao uwe umeoza wote. Kupima si kazi ngumu wala hakuhitaji mtambo. Chukua mpini wa bisibisi uigonge tezi nzima, kutoka juu hadi chini. Palipo na ubao mzima ulioshikamana na faiba mlio huwa mkavu na mkali. Palipooza au palipoachana mlio hufifia. Kisha ukandamize mguu wa injini kwa uzito wa mwili wako na utazame kama tezi inacheza. Mwenye boti akiridhia, toboa tundu dogo kwa upande wa ndani, karibu na sakafu, uangalie kinachotolewa na keekee: ubao mzima hutoa unga mkavu wenye rangi ya mbao, na uliooza hutoa tope jeusi.

Boti niliyoifungua hivi karibuni ilikuwa ya futi 16, na rangi yake ilikuwa nzuri. Nilipokata ngozi ya ndani ya tezi kwa grainda na kuibandua kwa patasi, maji ya kahawia yalitiririka kwenye sakafu ya ua, na ubao uliokuwa nyuma yake ukatoka kwa mkono, mnyevu na laini kama chicha ya nazi. Tabaka la mwisho tu, lile lililogusana na ngozi ya nje, ndilo lililokuwa bado na sura ya plaiwudi, na hata hilo lilichanika kwa kijiko. Bolti za injini zilikuwa zimeshikiliwa na faiba peke yake. Chombo hicho kilikuwa kikienda baharini na watu ndani yake mpaka siku kilipoegeshwa.

Katika kurudisha ubao mpya, shida ya kwanza hapa kwetu ni plaiwudi yenyewe. Madukani tunauziwa zile mbao nyekundu nyororo ambazo wajenzi huzitumia kuzuilia zege, kana kwamba zinafaa kwa kila kazi ya maji. Uso wake umefunikwa utando ambao resini haiushiki, kwa hiyo atakayezitumia bila kuukwangua utando huo wote atakuwa amefunga ubao usioshikamana na chochote. Kabla ya kununua, omba kipande kidogo ukichemshe kwa saa kadhaa. Tabaka zake zikiachana, gundi yake haiwezi maji, na ubao huo haufai kuingia botini hata kama bei yake inavutia. Mimi hugandisha pamoja mbao mbili za milimita 18 kwa epoksi, nikazifunga kingo zote na kila tundu kwa epoksi hiyohiyo kabla hazijaingia mahali pake. Ubao uwe mkavu kabisa, kwa sababu resini haiushiki ubao wenye unyevu.

Faiba mpya nayo haibandikwi juu ya ukingo uliokatwa wima. Ukingo wa zamani husagwa ukawa mteremko mpana, kwa uwiano wa 12 kwa 1. Yaani penye unene wa milimita 5, mteremko uwe na upana wa milimita 60. Wengi huuona upana huo kuwa ni kupoteza resini, nao ndio unaofanya kiungo kibebe nguvu ya injini. Kwa mkeka wa nyuzi wa gramu 450 kwa mita mraba, tenga takriban kilo moja ya resini ya polista kwa kila mita mraba, nawe utapata unene wa karibu milimita moja kwa kila tabaka. Palipo na ubao mimi huchagua epoksi, ijapokuwa ni ghali zaidi, kwa kuwa huushika ubao na faiba ya zamani kwa nguvu kuliko polista. Ila anayetumia epoksi atumie kitambaa cha kioo kilichofumwa, kwa sababu ule mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa kwa kawaida hushikiliwa na gundi inayoyeyushwa na staireni, kemikali iliyomo katika polista, na epoksi haina staireni. Vilevile, aliyekwisha kupaka epoksi asirudi tena kwenye polista juu yake, kwani haishiki vizuri.

Hali ya hewa ya Mombasa inadai uangalifu wake. Dawa ya kugandisha polista hutiwa kwa kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini, na wakati wa kaskazi, joto likifika nyuzi 32 kivulini, ninashikilia asilimia 1, yaani gramu 10 kwa kilo. Kupunguza chini ya hapo ili kupata muda zaidi ni hatari, kwa sababu resini huenda isigande kabisa hadi ndani. Afadhali kuchanganya kidogo kidogo na kufanya kazi asubuhi mapema. Resini nyingi ikiachwa kwenye kopo hujipasha moto yenyewe, na nimeona kopo likifuka moshi na kuyeyuka mkononi mwa kijana aliyekuwa akizungumza na mwenzake. Masika hayafai kwa kazi hii, hata chini ya turubai. Na banda la makuti, ingawa kivuli chake ni kizuri, si mahali pa kuwekea asetoni, kile kisafishio cha resini kinachoshika moto upesi, na matambara yaliyolowa resini.

Ndugu Mhariri, jambo linalonikera kuliko yote katika kazi hii ni namna dawa hiyo ya kugandisha inavyouzwa. Ni kimiminiko kisicho na rangi, na nimeuziwa zaidi ya mara moja ikiwa imetiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila jina wala onyo lolote. Tone lake likiingia jichoni laweza kumpofusha mtu asipooshwa kwa maji mengi papo hapo, na mtoto akiinywa ataungua koo na tumbo. Ikichanganywa moja kwa moja na kichapuzi cha kobalti, ambacho pia huuzwa kwa ajili ya resini, inaweza kulipuka. Kichapuzi hutangulia kuchanganywa na resini, na dawa huja baadaye. Mnunuzi wa kawaida ayajue vipi haya, ikiwa chupa haina hata neno moja la Kiswahili? Nawasihi wenye maduka waiuze katika vyombo vyake maalumu, vyenye maelezo ambayo mvuvi wa Mtongwe na fundi wa Kisauni wataweza kuyasoma na kuyafuata. Nazitaka pia taasisi za serikali zinazosimamia ubora wa bidhaa zisingoje mtoto adhurike ndipo zichukue hatua.

Majirani nao wana haki yao. Nyumba za mitaa yetu zimebanana, na vumbi la faiba hupeperuka hadi kwenye nguo zilizoanikwa na vyakula vilivyo wazi. Kusaga kufanyike ndani ya uzio wa turubai, na penye msasa, msasa uwe wa maji. Kuhusu mvuke wa staireni, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kemikali hiyo mwaka 2018 katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Barakoa ya kitambaa haiuzuii mvuke huo. Panahitajika barakoa yenye vichujio vya mkaa. Asiyeweza kuinunua na aingoje kazi mpaka aweze.

Bado kuna lile povu gumu lililojazwa chini ya sakafu, ambalo mafundi wengi hulitoa na kulitupa wakishaona limelowa. Ni kweli kwamba povu lililokunywa lita 200 za maji linaibebesha boti kilo 200 zisizoonekana, sawa na watu wazima watatu ambao hawakuhesabiwa. Lakini povu hilo ndilo linaloifanya boti ibaki juu ya maji ikijaa wimbi, na kulitoa bila kurudisha jingine ni kuwanyima abiria kitu cha kushikilia siku ya dhoruba.

Kwa sababu hiyo nina ombi kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, ambayo makao yake yako papa hapa mjini. Tezi na sakafu zikishafunikwa na kupakwa rangi, mkaguzi hawezi kuona kilichomo ndani, hata awe mjuzi namna gani. Boti kuukuu inayofufuliwa ili ibebe abiria au wavuvi ingekaguliwa mara mbili: kwanza ikiwa wazi, ubao mpya na povu vikionekana kwa macho, na mara ya pili ikiwa tayari kushushwa. Ukaguzi huo wa kwanza usiwe na ada kubwa, ili mwenye boti asishawishike kuufunika ubao kabla ya mkaguzi kufika. Pia kaunti, kwa kushirikiana na kamati za wavuvi za usimamizi wa fuo, BMU, ingetenga mahali penye sakafu ya zege na kivuli karibu na maji, ambapo wasio na ua wa kutosha wangeweza kuifanya kazi hii bila kuwaumiza majirani, na ambapo boti zilizokwama kwenye mikoko zingepelekwa kwa wanaozihitaji kabla hazijachomwa moto.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Tudor, Mombasa