Shangazi, neno lake ni moja tu: "Wewe ndiye uliyesaini"

Shikamoo Shangazi. Sijalala. Mtoto yuko hapa kando yangu na dripu yake, na kila nikifumba macho namsikia baba yake: "Wewe ndiye uliyesaini."

Ndiyo, nilisaini fomu ya upasuaji. Ningefanyaje? Kila kikipimwa kichwa kimeongezeka, utosi umevimba, macho yanatazama chini mpaka weupe unaonekana juu ya mboni. Daktari akasema ni maji yamejaa kichwani, na yakizidi kuukandamiza ubongo, kitakachoharibika hakirudi. Baba yake yuko safarini, simu hapokei. Mama gani angengoja?

Akawekewa mpira wa kuyatoa maji, ule unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Akachangamka, akaanza kukaza shingo. Na ni baba yake huyo huyo aliyekuwa akimbeba kumwonyesha watu! Wakati huo hakuna aliyeuliza nani kasaini. Halafu ikaja homa, kutapika, usingizi wa mchana kutwa, na wekundu ukafuata njia ya mpira nyuma ya sikio. Wamepima yale maji, wamekuta wadudu. Daktari kanieleza kwamba maambukizi hutokea, hasa miezi ya mwanzo, na kuna mipira inayoziba tu yenyewe, mzazi hana kosa. Nikampelekea baba yake maneno hayo kama yalivyo. Jibu lake ni lile lile, Shangazi.

Wifi naye eti tungemwacha alivyozaliwa. Huyo simjibu.

Sasa wanataka kuutoa mpira, maji yatokee nje kwenye mfuko huku akichomwa dawa za mshipa, na yakishakuwa safi awekewe mwingine. Fomu ninayo mkobani. Nimemwambia aje, kasema, "Amua mwenyewe, si umezoea." Nisaini tena peke yangu, au nimngoje? Daktari anasema tusichelewe. Na nikisaini likatokea jambo... sitaki hata kuliandika.

Ushauri wa baba yake siuhitaji tena. Ila nataka jina lake liwepo kwenye ile karatasi, juu ya langu au chini yake, popote. Usiniambie nimwache, sijauliza hilo, ni baba mzuri. Lakini neno hilo Shangazi! Mtoto angenifia mikononi na kichwa kile, baba yake angeniambia nini? Kwamba sikusaini?