Barua kwa wanaume mnaowaambia watoto wa msiba wajikaze

Ndugu zangu, baba wadogo, wajomba na majirani mnaokaa nami chini ya turubai,

Jumamosi tumemzika jirani yetu. Jina lake silitaji, familia ina mzigo wa kutosha. Ameacha mjane na watoto watatu, mkubwa ana miaka 11. Udongo ulipoanza kudondoka juu ya jeneza, yule mkubwa akaangua kilio. Hapo hapo mmoja wenu akamshika bega, akamwambia kwa sauti ya kusikika na wote: "Jikaze! Mwanaume halii. Wewe sasa ndiye baba wa nyumba hii." Kilio kikakatika, akabaki na kwikwi. Baadaye nilimwona anapanga viti vya kukodi, nanyi mkamsifu kwamba ana moyo wa kiume.

Usiku ule sikulala. Naandika nikiwa bado na hasira, na hasira hiyo inaanzia kwangu mwenyewe.

Meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria asubuhi ya Jumanne, 21 Mei 1996, ikiwa imebakiza kidogo tu kufika Mwanza, kaka yangu alikuwa ndani. Alipandia bandari ya Kemondo. Marehemu wengi walizikwa Igoma. Wa kwetu hakuonekana. Serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo, nasi tukaweka matanga bila maiti. Mwanawe alikuwa na miaka 12. Nilimchukua nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikamwambia maneno yale yale mliyoyasikia Jumamosi. Nilidhani nampa nguvu.

Akatii. Hakulia siku ile wala siku zilizofuata. Shuleni akafanya vizuri, mama yake akamkabidhi funguo za nyumba, sisi wazee tukawa tunamtolea mfano kwa watoto wengine. Hatukuona kwamba ameacha kwenda ziwani. Hatukuona kwamba hamtaji tena baba yake, na kwamba ukimuuliza jambo dogo anajibu kwa ukali. Alipooa, mkewe akaupokea ukimya ule bila kujua ulikotoka. Misiba yote ya ukoo alikuwa wa kwanza kufika, akipanga magari na chakula, na hakuna aliyewahi kumwona ameketi na wafiwa.

Mwaka jana mtoto wake wa kwanza alitimiza miaka 12. Jioni moja alikuja kwangu, akakaa barazani muda mrefu, kisha akaniuliza: "Baba mdogo, hivi baba alikuwa anajua kuogelea?"

Miaka yote ile alikuwa na swali hilo. Alitaka kuniuliza kule kwenye migomba, nami nikamwahi na hotuba yangu. Nilimwambia kwamba alijua, tena vizuri, kwamba tulijifunza pamoja Kemondo tukiwa wadogo na yeye ndiye aliyekuwa akinishika tumbo nisizame. Akalia, mtu mzima na familia yake. Nami nikalia. Mke wangu alipoleta chai akaiweka chini, akaondoka bila kusema neno, na Mungu ambariki kwa hilo.

Sasa niambieni, hili la kukaza watoto tumelitoa wapi? Msiniambie dini. "Yesu akalia machozi," imeandikwa katika Yohana 11:35. Na ndugu zangu Waislamu mnajua jinsi Mtume Muhammad (s.a.w.) alivyotokwa na machozi mwanawe Ibrahim alipokuwa akikata roho, na sahaba aliposhangaa, akamjibu kwamba hiyo ni huruma. Wala msiniambie mila. Nikiwa mdogo niliwaona wanaume wazima wakilia kwa sauti makaburini, na hakuna aliyewacheka.

Nadhani ni uchovu. Mkoa wetu wa Kagera umezika sana. Ilikuja vita mwaka 1978, mwaka 1983 wakaandikwa hapa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, ikaja meli, likaja tetemeko la 10 Septemba 2016. Kila mara tukainuka, tukajenga kuta. Tuna kamati ya jeneza, kamati ya chakula, daftari la rambirambi na mtu wa kulisoma kwa kipaza sauti. Mtu wa kukaa na watoto hatujawahi kumteua. Shuleni, mwalimu wa unasihi huyo huyo ana vipindi vya kufundisha na rundo la madaftari ya kusahihisha. Halafu tunashangaa vijana wetu wanakuwa wakali.

Na si msiba peke yake. Mwenzetu akistaafu, akipunguzwa kazini, akiachwa na mkewe, tunampigapiga mgongoni, "jikaze mzee," tunamwagizia bia, kisha tunazungumza habari za mpira.

Mengine nayataja tu, mnayajua. Mtoto asihamishwe shule mwezi ule ule aliofiwa. Nguo za marehemu zisigawanywe kabla watoto hawajachagua ya kubaki nayo. Habari za kibanja, yaani shamba la familia, na za msika, yaani mrithi, zisianzishwe mbele ya mjane udongo ukiwa mbichi. Jina la marehemu litajwe nyumbani, mezani, wakati wa kula, lisije likawa mwiko.

Nawe mdogo wangu uliyemshika bega mtoto, sina kinyongo nawe. Nilikuwa upande wa pili wa kaburi, nikauona mkono wako unatetemeka. Ulikuwa unayazuia machozi yako mwenyewe, marehemu alikuwa kaka yako. Arubaini bado haijafika. Nenda ukamchukue mtoto, mtembee naye, kama ni hadi ufukweni au hadi shambani, na usimpe ushauri wowote. Muulize anataka kujua nini kuhusu baba yake, kisha nyamaza, hata kama itachukua muda. Akikuuliza jambo usilolijua, mlete kwangu. Nimefanya kazi na baba yake miaka 9, na jinsi alivyokuwa akicheka naweza kumwigizia.

Mzee wenu,
Bukoba