Ipeleke tasnifu yako

Mpendwa Mama Baraka,

Hujambo mwenzangu? Watoto hawajambo? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Hongera nilishakupa kwa simu siku ile ulipotoka kutetea, lakini nilikuwa napiga kelele tu kwa furaha. Leo nataka tuzungumze vizuri, Daktari wangu.

Nataka uipeleke tasnifu yako, ile ya wakimbizi wa Burundi katika makazi ya Katumba kule Mpanda, mkoani Katavi, kwenye Tuzo ya Rae na Dan Landis. Ni tuzo ya tasnifu bora za uzamivu katika utafiti wa mahusiano ya tamaduni, na inatolewa na International Academy for Intercultural Research. Dan Landis ndiye aliyeanzisha lile jarida ulilolinukuu tangu sura ya kwanza, International Journal of Intercultural Relations, mwaka 1977. Chama chenyewe kiliundwa 1997. Masharti na tarehe za mwisho utazisoma mwenyewe. Mimi nina neno juu ya kazi uliyoifanya.

Nakujua, utaniuliza ni nani huko anayeijua Katumba. Hiyo ndiyo sababu ya kuipeleka! Fani hii imejengwa kwa kiasi kikubwa na watu waliokuwa wakiwatazama wageni wanaoingia nchi tajiri. Mwanasaikolojia John Berry aliishughulikia nadharia yake akiwa Kanada: je, mgeni anataka kubaki na mila zake, na je, anataka kuchangamana na wenyeji? Kwa majibu ya maswali hayo mawili anapata njia nne za watu kuishi ugenini. Ni kazi nzuri, nami naiheshimu. Ila mkimbizi wa Kirundi aliyeikimbia nchi yake mwaka 1972, akapewa shamba porini huko Mpanda pamoja na Warundi wenzake, akalima, akazaa, akapata wajukuu palepale, mgeni ni nani kwake na mwenyeji ni nani?

Halafu kumbuka tulivyokasirika pamoja tuliposoma Hofstede, yule mtafiti aliyezipima tamaduni za mataifa kwa namba. Dodoso zaidi ya 116,000 kutoka kwa wafanyakazi wa IBM, lakini sisi tumo katika fungu moja tu liitwalo Afrika Mashariki: Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia, wote alama moja! Mhabeshi wa Addis Ababa na Mfipa wa Sumbawanga wanasemwa kwa namba ileile, na mpaka leo wanafunzi wetu wanazinakili namba hizo katika kazi zao. Mtu aliyekaa na watu wa Katavi akawasikiliza ana haki ya kusikika mbele ya watafiti hao, tena kwa sauti.

Sura yako niipendayo kuliko zote ni ile ya uraia wa tajnisi, yaani uraia anaoomba mgeni akapewa. Umeonyesha jinsi sera ilivyotaka mwanzoni: ukitaka kuwa Mtanzania, ikane Burundi, kisha uondoke makazini ukaishi mkoa mwingine, maana iliaminika kwamba kuwatawanya ndiko kutawachanganya na wenzao. Watu wakabaki wakisubiri miaka, wengine hawathubutu hata kupanda miti ya matunda wala kukarabati nyumba. Ilipofika 2014 vyeti vikaanza kutolewa, kwa watu wapatao 162,000, na wakaruhusiwa kubaki walipo. Hapo ndipo swali lako linaponigusa: kama hakuna aliyehama, ni nini kilichobadilika kati yao na majirani zao? Hukukimbilia jibu la haraka. Umewafuata mnadani, kanisani na kwenye posa, na umewaacha wazee wakupinge ndani ya kurasa zako. Kwangu hiyo ndiyo alama ya utafiti bora, kuliko majedwali yote.

Kwa hiyo nakuomba, ukiandika muhtasari, usianze na nadharia. Anza na 1972. Usiipunguze Katavi ili ifanane na mahali wanapopajua. Waeleze Mpanda iko wapi, yale makazi mengine ya Warundi, Ulyankulu na Mishamo, yako wapi, wasomaji makini watakufuata. Na ile sehemu ya posa usiikate hata ukibanwa na idadi ya maneno. Punguza mapitio ya maandishi, hayo wanayajua.

Ukishinda, nitafurahi kupita kiasi. Usiposhinda, watakuwa wameisoma watu ambao wasingeifungua kamwe ingebaki kwenye kabati la maktaba ya chuo, na mmoja wao akikutana na mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya wakimbizi wa Afrika atamtajia jina lako.

Nitumie rasimu ya muhtasari hata kama haijakaa sawa, nitaisoma usiku huohuo. Kiingereza chake tutakinyoosha pamoja. Msimamizi wako mpigie mapema kabla hajasafiri, huenda ukahitaji barua yake.

Msalimie Baba Baraka, na mama mkwe mwambie dagaa wake walifika salama.

Akupendaye,
Mama Tumaini