Mvumo wa ilimba si kelele

Mhariri,

Mbukwenyi! Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme juu ya wimbo mmoja. Mimi ni fundi cherehani hapa Tandika, mzaliwa wa Mvumi mkoani Dodoma, na huu ni mwaka wangu wa 22 Dar es Salaam.

Katika nyumba tunayopanga yupo kijana wa kwetu. Mchana anashusha magunia sokoni, usiku anakaa barazani na ilimba yake, yaani marimba ya mkono. Wimbo wake mpya aliutunga wakati wa vuli. Anaimba kwa Kigogo kwamba amelala, anasikia mvua juu ya bati, moyo unamruka, anapapasa jembe gizani. Mkono unagusa ndoo ya maji. Hapo ndipo anakumbuka yuko mjini. Kwetu msimu ni mmoja tu, na mvua ya kupandia tunaingojea mpaka Desemba. Mvua yote ile inaishia mitaroni, na masuke ya mbegu ya uwele bado yananing'inia juu ya meko ya mama yake. Anamuuliza: "Mama, na huko imefika?" Anauliza mara tatu, halafu ananyamaza, ilimba inaendelea peke yake.

Siku ya kwanza kuusikia nilikuwa nageuza kola ya shati la mteja. Nilishindwa kuendelea. Jirani yetu Mmakonde, asiyejua Kigogo hata neno moja, alitoka chumbani akauliza, "Huyu kijana kafiwa?"

Kilichonifanya niandike ni hiki. Kijana alijinyima miezi mingi akaenda studio moja hapa jijini. Fundi mitambo akamwambia chombo chake ni kibovu, kinakwaruza. Akausafisha mkwaruzo wote, akaweka ngoma ya kompyuta.

Mhariri, ule si ubovu. Kwenye ubao wa ilimba tunatoboa vitundu, na juu yake tunabandika utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake. Ukibonyeza vyuma, utando unatetemeka, sauti inatoka na mvumo kama wa nyuki mzingani. Alipofika mjini, kijana huyu alikuwa anaziba vitundu kwa nailoni ya pakiti ya sigara. Ilivuma, lakini kikavu. Mwaka huu mama yake akamtumia utando ndani ya kiberiti kitupu, mkononi mwa abiria wa treni. Nilikuwepo akikifungua. Alibana pumzi, maana utando ule hata pumzi ya mtu inaupeperusha. Akaubandika taratibu kwa ncha ya sindano yangu, akabonyeza chuma kimoja tu, akainama kimya muda mrefu.

Kwa hiyo alichokifuta yule fundi ndicho mama alichotuma. Nimeusikiliza wimbo wa studio mara mbili, na sijaona tena sababu ya kijana kumwita mama yake.

Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu aliyehamia Bagamoyo, aliuzunguka ulimwengu na ilimba zenye mvumo huo huo mpaka alipofariki mwaka 2003. Wazungu walikaa kimya wakamsikiliza. Inaniuma kwamba hapa nyumbani ndipo tunaambiwa ni kelele.

Nawaomba watangazaji wasiwarudishe watu kama huyu eti lugha haieleweki au chombo kinakwaruza. Na ninyi wa ukurasa wa burudani, mkiandika habari zake, andikeni ilimba. Kalimba ni jina la watu wengine.

Kijana amekataa kuutoa ule wa studio. Ameurekodi upya kwa simu, barazani, saa nane usiku magari yakiwa yametulia, na mvumo umo wote. Ninao kwenye simu yangu. Mwandishi wenu akitaka kuusikia, afike jioni yoyote isipokuwa Alhamisi, siku hiyo nakuwa mazoezini kwaya.

Fundi cherehani,
Tandika, Dar es Salaam