Mwongozo wa programu huria tuuandike pamoja

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzibadili na kuzisambaza, kama LibreOffice ya kazi za ofisi na GIMP ya kuhariri picha, zinatusaidia sana, ila mwongozo wa mtumiaji ndo mara nyingi unaachwa nyuma, na hilo linaniuma. Tuuandike kwenye wiki, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe wanaweza kuihariri; tovuti hizi zipo tangu 1995 Ward Cunningham alipoanzisha ya kwanza, siku hizi kila badiliko linabaki kwenye historia ya ukurasa, mtu akiharibu unarudisha tu, sasa tunaogopa nini? Lakini jamani tusiingie kichwa kichwa, kwanza tukubaliane orodha ya kurasa, kila ukurasa kazi moja, na juu yake liandikwe toleo la programu maana menyu huwa zinahama. Leseni ya mwongozo, yaani masharti ya wengine kuutumia na kuubadili, nayo tuichague mapema, mkichelewa mtaanza kumtafuta kila aliyechangia kumwomba ruhusa. Na wageni wa programu tuwape nafasi ya kuhariri, wao wanaona hatua ambazo sisi tuliozoea tunaziruka.

Msomaji wenu